Nilibonyeza "Nimepokea" Mikono Ikiwa Mitupu

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe hata na sisi tuliokuja mbele leo na woga. Kwa wageni wetu, mimi naitwa Dada Rael, ni wa hapa hapa Kibomet. Nilimwomba mchungaji dakika chache na amenipa, ingawa hajui nitasema nini. Kusema kweli, hata mimi sijui vizuri. Kichwa changu kimevurugika wiki tatu sasa, mniombee nikiendelea kusema.

Mnakumbuka siku ile nilisimama hapa mkanipigia makofi? Nilisema, "Nimepokea mashine yangu ya kupukuchua mahindi!" Kwaya ikaimba, na mimi nikacheza mpaka kitambaa kikaanguka. Ndugu zangu, sikuwa nimepokea kitu. Hata msumari!

Msinong'one bado. Nisikilizeni kwanza.

Wengi wenu mnajua maisha yangu. Tangu mgongo wa mume wangu uharibike, mimi ndiye napigia watu mahindi yao. Unajaza gunia, unafunga mdomo, unapiga na fimbo kutwa nzima. Jioni unakohoa vumbi na mikono haishiki kikombe. Mama mkwe wangu anakaa Malakisi. Alikuja msimu uliopita, akaniona nikipiga. Aliporudi kwake aliuza mtamba wake wa ng'ombe, yule aliyekuwa karibu kuzaa, akanitumia pesa. Akaniambia, "Tafuta mashine, mwanangu. Fimbo itakuua." Mama mkwe wa namna hiyo mnamjua nyinyi? Mimi sikuamini masikio yangu.

Nikatafuta kwenye simu. Nikaona mashine nyekundu, mpya, bei yake chini kuliko duka lolote la Kitale. Muuzaji anajiita Ndugu Enoki. Na mimi si mjinga, ati nitume pesa hivi hivi tu! Nililipa kupitia ile huduma ya mtandaoni ambayo pesa inakaa katikati. Muuzaji haigusi mpaka wewe mnunuzi ubonyeze mahali pameandikwa "Nimepokea". Mzigo usipokuja, unalalamika na unarudishiwa. Nikasema hapa mwizi atapitia wapi?

Alipitia kanisani, ndugu zangu. Alipitia kwa imani yangu!

Alhamisi akanipigia. "Bwana asifiwe, mama! Mzigo wako uko hapa Moi's Bridge juu ya pikapu, lakini dereva hana mafuta na pesa yangu imeshikwa. Bonyeza tu Nimepokea, saa hii hii nakuja." Nikamwambia, "Lakini sijapokea." Akasema polepole, kwa sauti ya mtu anayekuhurumia, "Mama, kwani wewe umeokoka? Imani si ni kukiri kabla hujaona?"

Hapo akanipata. Ni mara ngapi tumeinua mikono hapa tukasema "Nimepokea!" na nyumba haijajengwa, na mtoto hajapata kazi? Na mimi nimewahi kupokea hivyo, siwadanganyi. Karo ya msichana wangu ilikuja baada ya kukiri siku saba. Sasa ningekataaje? Simu yenyewe ilinionya. Iliandika kwamba nibonyeze tu kama mzigo uko mikononi mwangu. Niliyasoma hayo maneno yote, na mnajua nilifanya nini? Nikayakemea! Nikaiambia simu, "Shindwa, roho ya mashaka!" Kisha nikabonyeza.

Ijumaa mashine haikuja. Jumamosi pia. Nikaanza kufikiri labda baraka imekwama kwa sababu sijashuhudia. Ndipo nikaja hapa Jumapili nikawaambia nimepokea, nikidhani nikifika nyumbani nitaikuta imeegeshwa mlangoni. Nilitembea haraka siku hiyo! Mlangoni kulikuwa na viatu vya mume wangu tu.

Jumatatu Ndugu Enoki akaacha kupokea simu zangu. Nikapigia watu wa ile huduma. Binti mmoja mwenye adabu akaniambia, "Pole mama, lakini mfumo unaonyesha ulithibitisha umepokea, na pesa imeshatoka." Nikamwambia nilithibitisha kwa imani. Akasema, "Mama, sisi hapa hatuna kitufe cha imani." Akanishauri nipige ripoti polisi, nikapiga, na mpaka leo nasubiri.

Nikachanganyikiwa. Nilikosa imani, ama nilikuwa nayo nyingi mno? Aliyenijaribu ni Mungu, ama ni shetani, ama ni mtu tu mwenye laini ya simu na maneno matamu? Mume wangu akiniuliza, namwambia iko njiani. Nyinyi mkinisalimu, "Dada wa mashine!", nacheka na kupita haraka.

Sasa siku moja mama mkwe akatokea kutoka Malakisi bila kutoa habari, amebeba kuku. Amekuja kuona mashine! Nikamkalisha, nikamwekea chai, nikawa natafuta uongo wa kumpa. Simu ikalia. Alikuwa Mama Barasa wa Bungoma, wengi mnamjua, yule mjane aliyekuwa mgeni wetu Jumapili ile niliposhuhudia. Nilikuwa nimempa namba ya Enoki siku hiyo hiyo. Sauti yake ilikuwa ya furaha. "Dada Rael, na mimi nimelipia mashine! Ni ile pesa aliyoniachia marehemu. Ndugu Enoki ananiambia nibonyeze Nimepokea. Wewe si ulibonyeza ukabarikiwa?"

Nikisema ukweli, mama mkwe anasikia, ameketi pale na kikombe. Nikinyamaza, mjane anabonyeza. Nikasema, "Ngoja nikupigie." Nikakata! Mwogope mtu aliyezoea kushuhudia. Nilikuwa tayari kumwacha mjane aangamie ili mimi nibaki dada wa mashine.

Mama mkwe akaniangalia. Akauliza tu, "Mbona umemkatia mtu simu?"

Sijui nguvu ilitoka wapi. Nikampigia Mama Barasa papo hapo na nikapiga kelele, "Usibonyeze! Mimi sina mashine! Niliwadanganya, sikupokea chochote!" Akalia, na mimi nikalia. Hakubonyeza. Alilalamika kwa ile huduma, na siku chache baadaye pesa yake ikarudi, yote. Haleluya!

Mama mkwe aliweka kikombe chini. Akasema, "Kwa hivyo nimekuja kuona nini?" Nikamweleza kila kitu nikiwa nimepiga magoti. Hakunitukana. Asubuhi alikunja leso yake akaenda. Hajaniambia amenisamehe, na hajaniambia hajanisamehe. Lakini yule kuku alimwacha. Namlisha kila siku na sijui maana yake ni nini.

Hata hii sielewi, kwa nini Mungu aliiokoa pesa ya Mama Barasa na ya mtamba hakuiokoa. Fimbo nimeirudia. Lakini namshukuru Mungu, maana tangu siku ile nalala. Ameniokoa na uongo wangu mwenyewe, hilo nalijua kwa hakika. Mwaminini Mungu bila kumwona, yeye hajawahi kukuambia ubonyeze haraka. Lakini muuzaji akikuharakisha, hata akikuombea, mwambie alete mzigo kwanza uuguse.

Na sasa nawaomba. Nilipewa makofi kwa uongo, na najua baadhi yenu mlichukua ile namba. Kama hujabonyeza, usibonyeze, pesa yako bado inaweza kurudi. Kama umebonyeza, usione haya, inua mkono tujue la kufanya pamoja.

Naona mkono mmoja kule nyuma. Asante, mama. Na wa pili. Na wewe pia, Mzee wa Kanisa? Mungu wangu! Mkono wa nne... wa tano... Kwani tumekuwa tukiimba hapa kila mtu na aibu yake? Njoni mbele, ndugu zangu. Njoni na simu zenu.