Usalama Niliosomea Si wa Getini

Ndugu zangu, hamjambo. Mwenyekiti amenipa dakika chache na tayari anaangalia saa, kwa hivyo sitazunguka. Nimekuja kuwaambia jinsi neno moja lilivyonikosesha kazi, likanilaza kitandani, na jinsi nilivyoinuka. Majina sitataja. Wanaojijua wanajijua, na nikiwaona mnacheka nitawaangalia.

Mimi ni mtoto wa hapa Mbololo. Nimesomea usalama wa Asia ya leo. Yaani zile nchi za mashariki: nani anagombana na nani kuhusu bahari, nani anaunda silaha gani, na kwa nini hawaaminiani. Ni somo, linafundishwa chuo kikuu. Nililisomea huko huko miaka mingi, nikala wali asubuhi, mchana na jioni, nikarudi nikitaka kitu kimoja tu: kusimama mbele ya darasa hapa nyumbani, nifundishe.

Sasa mwambie mtu wa Voi kwamba umesomea usalama wa Asia, uone. Kwetu usalama ni sekyuriti, na sekyuriti ni soja wa geti. Mwasia naye ni Mhindi wa dukani. Basi habari ikanitangulia kutoka Mbololo hadi Mraru kwamba binti wa fulani amesoma mpaka akamaliza vyuo, na kazi yake ni kulinda Wahindi. Nilieleza mpaka nikachoka. Mama yangu mzazi alisimama humu kanisani akaomba nipate kazi ya usalama, na kanisa zima likaitikia amina. Nilikuwa nimeketi pale pale. Ningesema nini, jamani?

Chuo kimoja kikatangaza nafasi ya mhadhiri wa somo langu hasa. Nikaomba. Nikapigiwa simu na msichana mwenye sauti nzuri: "Madam, uje Jumanne asubuhi, na uvae raba." Nikamuuliza raba za nini. Akasema, "Za intavyuu." Nikajiambia labda tutatembezwa kampasi. Nikaenda na suti yangu, na raba, na mhadhara wangu kwenye kompyuta.

Ndugu zangu, nilikuta wanaume wamepanga foleni uwanjani. Jamaa mwenye filimbi akanipima urefu, akaniuliza kama naweza kuruka ukuta. Nikamwambia mimi ni daktari wa falsafa. Akasema, "Sawa, hata waliosoma tunachukua. Kimbia kwanza." Kumbe aliyefungua ombi langu aliona neno sekyuriti akaishia hapo, akalipeleka kwa mkubwa wa masoja! Nikaanza kuzunguka maofisini. Huyu ananituma kwa yule, yule ameenda chai. Nilipofika kwa walimu, paneli ilikuwa imeshakaa, imeinuka, na mtu amepatikana. Wakaniambia pole.

Pole! Hapo ndipo nilipoanguka. Mnaocheka, chekeni, lakini mimi sikucheka. Nilirudi nyumbani nikajifungia. Nililala mchana, nikavaa leso ile ile, chakula kikawa kinarudi jikoni kama kilivyokuja. Kanisani sikuja tena. Niliona nimesoma bure, nimezeeka bure, na kila aliyebisha hodi nilimchukia kabla hajaketi. Na walibisha! Mmoja alisikia wanatafuta mlinzi kwenye shamba la mkonge. Mwingine alikuja na habari za Kishushe, kwamba kuna watu wanapima madini na wanataka mtu wa kukaa getini. Kishushe, ambako hata gari la kunirudisha ningelisubiri mpaka nikauke!

Kuna mama mmoja ameketi humu ndani. Yeye aliniletea kazi ya dukani, ya kukagua mikoba ya wanawake mlangoni. Nilimjibu maneno ambayo siwezi kuyarudia mbele ya mchungaji. Akaondoka. Nikajua huyo harudi.

Akarudi. Alikuja na viazi vitamu, akampa mama yangu avipike, akavuta kigoda akakaa mbele ya kitanda changu.

"Mwanangu," akasema, "ile ya dukani hukuitaka. Haya. Wewe ulikuwa unataka nini?"

"Kufundisha."

"Kufundisha nini?"

"Mama, si nimesema mara mia!"

"Sema ya mia na moja. Mimi sina haraka."

Nikakasirika hasa. Nikakaa kitako ili nimweleze haraka aende zake. Nikamwambia, chukua familia mbili, mfereji wa maji unapita katikati. Huyu anaweka ua kwa sababu anaogopa. Yule akiona ua anasema, kumbe kuna njama, ananunua mbwa. Huyu akisikia mbwa anaongeza ua mrefu zaidi. Hakuna aliyetaka vita, na wote hawalali. Sasa badala ya mfereji weka bahari, badala ya mbwa weka manowari. Hicho ndicho ninachofundisha.

Akasogeza kigoda karibu. Kisha akasema, "Ni nani aliyeanza?"

"Wanabishana mpaka leo."

"Aliyeanza ni wa ua!" Mama yangu akapaza sauti kutoka jikoni. "Mwenye nia njema anaweka ua wa nini?" Yule mwenzake akamjibu kwamba hata yeye angeweka, kwa majirani wa siku hizi. Wakabishana, mmoja kigodani na mwingine jikoni, mpaka viazi vikashika sufuria, na mimi katikati yao nikiamua. Nilikuwa nafundisha, ndugu zangu. Kwa mara ya kwanza tangu nirudi, nilikuwa nafundisha. Nikasikia njaa.

Nafasi ile ilipotangazwa tena, maana aliyepewa alienda zake, nilipeleka ombi kwa mkono mpaka kwenye mlango wa walimu. Kwenye paneli sikufungua kompyuta. Niliwaambia habari za ua na mbwa. Maprofesa wawili wakaanza kubishana kuhusu aliyeanza, mpaka mwenyekiti wa paneli akawanyamazisha. Kazi nikapata.

Namshukuru mama yangu aliyeniombea bila kuchoka, ingawa aliomba kombo. Nawashukuru hata mlioniletea mageti. Mlinipenda kwa njia yenu, na bado mnanikera. Lakini walioniletea kazi walikuwa wengi. Aliyevuta kigoda akauliza ni huyu mmoja, na leo nasimama darasani kwa sababu yake.

Mtu wenu akianguka, msikimbilie kumtafutia kitu. Kaeni kwanza. Muulizeni alikuwa anataka nini, na akiwafokea, muulizeni tena. Mwenyekiti, naona umesimama. Nimemaliza.