Dk. Pavlina Hordiychuk na Mkanda wa Manyoya ya Liska

Baada ya miaka ishirini na tisa ya kuwachoma sindano mbwa ambao hawakuwahi kumwomba afanye hivyo, Dk. Pavlina Hordiychuk anastaafu tarehe 31 Mei 2019. Utawala wa kituo chetu cha utafiti umemwandalia saa ya ukutani, ili mtu ambaye hana tena mahali pa kuwahi aweze kujua amechelewa kiasi gani.

Alifika katika Eneo Lililofungwa mwaka 1990 akitokea Kyiv, akiwa na shahada mpya ya jenetiki na buti za kiume zilizompwaya. Alielezwa kwamba angekaa msimu mmoja tu. Sisi tuliotolewa vijijini baada ya ajali ya kinu cha nyuklia tungeweza kumtahadharisha, maana sisi tuliambiwa siku tatu. Lakini hakutuuliza, naye alikuwa kijana mwenye imani na serikali. Tangu hapo amewatumikia wakurugenzi kadhaa, na kila mmoja alimhakikishia kwamba maabara mpya ingefunguliwa vuli inayofuata. Vuli zimefika kwa uaminifu mkubwa. Maabara bado tunaingoja.

Ilimbidi pia kuwahudumia waandishi wa habari. Walikuja na kamera zao kila Aprili, mwezi wa ajali, wakitafuta mbwa mwenye vichwa viwili, na kwa kuwa walikuwa wametoka mbali, walikuwa tayari kuridhika hata na mwenye miguu mitano. Dk. Pavlina aliwaonyesha mbwa wenye kupe.

"Daktari, ni kweli wanang'aa?" aliuliza mmoja wao.

"Wanang'aa sana," alijibu. "Ukiwaogesha."

Kazi yake yenyewe haikufaa kwa magazeti. Mbwa wa Eneo ni wazao wa mbwa tuliowaacha, kwa sababu mabasi hayakuwa na nafasi yao. Baadaye walitumwa watu wenye bunduki kuwamaliza. Hawakuwamaliza. Dk. Pavlina alichukua damu ya waliozaliwa na waliosalia, na ya watoto wao, na ya wajukuu, hadi akaweza kusema ni nani ndugu wa nani. Aligundua kwamba mbwa wa pale kwenye kinu na mbwa wa mjini, ambao ni majirani kabisa, karibu hawaoani; kila kundi linaoa nyumbani kwake, kama vijiji viwili vilivyogombania malisho. Na tofauti zile, alisema, chanzo chake ni huko kuoana wenyewe kwa wenyewe. Hakuwa na ushahidi wa kuitwika mionzi mzigo huo. Mkurugenzi wetu wa sasa, Bwana Kornelyuk, alisikitika sana. Yeye aliomba maajabu, akaletewa ukoo.

Wasomaji wa jarida hili wanajua jinsi Eneo linavyojaa watu wiki ile baada ya Pasaka, tunaporuhusiwa kurudi kwenye makaburi yetu. Tunafuta misalaba, tunatandika vitambaa, tunaweka mkate wa Pasaka na mayai ya rangi, tunawamiminia wafu pombe kidogo na sisi wenyewe zaidi kidogo. Mbwa huijua siku hiyo kuliko padri. Wanapokuja kula, wazee huanza kuwatazama nyuso.

"Daktari, yule mwekundu si wa kwetu? Tazama anavyokaa! Baba mkwe mtupu!"

"Damu haina majina," Dk. Pavlina alijibu kila mwaka, na kila mwaka alikatiwa kipande kikubwa cha mkate, kwa huruma, kama anavyokatiwa mtu aliyesoma sana bila faida.

Aliyemsumbua kuliko wote alikuwa Bibi Motria wa kijiji cha Stara Vilkha. Siku ya kuondoka alimwachia mbwa wake jike, Liska, sufuria ya uji mlangoni, uji wa kutosha siku tatu. Liska alikuwa na mimba. Bibi Motria hakutaka kujua habari za mionzi wala za sayansi. Alitaka kujua jambo moja: je, Liska alipigwa risasi pale mlangoni akisubiri, au aliwahi kuzaa?

"Mama, siwezi kukwambia," alisema Dk. Pavlina makaburini, masika ya mwaka jana. "Ningehitaji kitu cha Liska mwenyewe. Na Liska hayupo."

"Nani kakwambia hayupo?" Bibi Motria akafungua koti, akainua sweta, akainua na sweta ya pili. "Ninaye hapa."

Alikuwa amevaa mkanda wa kiuno uliofumwa kwa manyoya ya mbwa, kama wanavyovaa bibi zetu wote wenye maumivu ya mgongo. Alikuwa ameuvaa hata ndani ya basi, siku ile ya kuondoka. Dk. Pavlina, ambaye alikuwa amefundisha miaka yote hiyo kwamba hakuna sampuli za kabla ya ajali, alikaa juu ya kaburi la mtu mwingine bila kuomba radhi.

Manyoya yaliyong'oka hayasemi mengi, lakini kwa bahati yanaweza kuutaja upande wa mama. Akakata kipande katikati ya mkanda, na majibu yakatoka: mbwa watatu tofauti, mmoja wao wa aina isiyofanana na yeyote katika Eneo. Bwana Kornelyuk, mtu asiyependa kuchelewesha furaha, aliliambia gazeti siku hiyohiyo kwamba kituo kimegundua nasaba ngeni iliyopotea. Dk. Pavlina alimpigia simu Bibi Motria.

"Ah, huyo!" alisema Bibi Motria. "Huyo ni Zhuzha, kijimbwa cha binti yangu, pudeli. Mkanda ulitoboka, nikatia kiraka. Na kabla yake nilitia cha mbwa wa jirani."

"Mama! Mbona hukuniambia?"

"Uliniuliza mbwa, mwanangu. Hukuniuliza viraka."

Nasaba ile iliyopotea ilikuwa inalala kwenye kochi huko Brovary na kukatwa nywele saluni. Gazeti halikusahihisha habari. Bwana Kornelyuk naye hajasahihisha. Hata leo imo katika taarifa yake ya mwaka.

Bibi Motria akaja mwenyewe na mkanda, akaupapasa kwa vidole hadi akafika kwenye fundo ukingoni. "Hapa. Fundo hili nililifunga Liska akiwa amelala miguuni pangu. Hapa hakuna kiraka." Akageuza uso wakati mkasi unakata.

Majibu tuliyasikia mwezi huu, makaburini, mbele ya kaburi la mume wa Bibi Motria na mayai yake. Aina iliyokuwa kwenye fundo ni adimu. Inapatikana kwa mbwa wachache wanaoishi kwenye kizuizi cha walinzi, jirani na Stara Vilkha, na kwingineko hakuna.

"Ni upande wa mama tu," alisema Dk. Pavlina, kwa ile sauti yake ya mkutanoni. "Sisemi wametokana na Liska. Nasema wametokana na Liska, au mama yake, au dada yake."

"Mama yake alikanyagwa na trekta hata kabla hatujahama. Dada yake tulimpa mjomba, huko Zhytomyr."

Dk. Pavlina, aliyewahi kubishana na mawaziri wawili na askofu mmoja, alifunga daftari lake. "Basi sitabishana na wewe, mama," alisema.

Bibi Motria alikuwa akimenya yai.

"Basi uji aliula," alisema.

Kilichobaki kilikuwa mgongo. Bibi Motria alilalamika kwamba tangu mkanda ukatwe, baridi inaingia palepale. Kwa hiyo kazi ya mwisho ya kisayansi ya Dk. Pavlina katika kituo hiki ilikuwa kumchana manyoya jike mwekundu wa kizuizini, ambaye walinzi wanamwita Meneja. Bwana Kornelyuk alikumbusha kwa maandishi kwamba manyoya hayo ni mali ya taifa. Dk. Pavlina aliyapitisha kwenye kipima mionzi getini. Taa ikawaka nyekundu. Akarudi kuyaosha. Taa ikawaka nyekundu tena, akarudi tena. Siku ilipowaka kijani, mlinzi aliitazama barua ya mkurugenzi, akaikunja vizuri, akaiweka chini ya bakuli la Meneja lililokuwa likiyumba.

Bibi Motria amekwisha kusokota uzi na kuziba matundu yote mawili. Uzi umebaki mwingi. Kwa kuwa miaka ishirini na tisa ya kuinamia mbwa haiachi mgongo salama, amefuma mkanda wa pili, na ametuagiza tusimwambie Daktari hadi siku ya sherehe; ndiyo maana jarida hili linagawiwa siku hiyohiyo.

Asante, Pavlina, kwa kukataa kutudanganya hata pale tulipokuomba. Uende ukapumzike kwa afya na amani, na mgongo wako uwe na joto. Saa ya ukutani itafuata, betri zikipatikana. Mkanda uko tayari.