Kokwa ya Lulu Chini ya Rangi ya Dhahabu

Wasikilizaji wapendwa, kama unakula, weka kijiko chini kwanza. Si kwa sababu ya marehemu. Marehemu alikuwa msafi kuliko hiyo sahani yako. Ni kwamba katika habari hii kuna mtu mmoja atakayekutia kichefuchefu, na mimi sitaki kulaumiwa kwa ugali wa mtu.

Leo tunamkumbuka Saturnino Lodu, seremala wa mtaa wa Hai Cinema, hapa hapa Juba. Alizikwa Jumamosi. Narudia kwa aliyechelewa kuwasha redio: Saturnino Lodu, seremala, Hai Cinema. Alitengeneza vitanda, alitengeneza madawati, na alitengeneza kitu kimoja kidogo ambacho pengine hujawahi kukishika.

Fidla unaijua. Nyuzi zake zinapita juu ya kibao chembamba kinachoitwa daraja. Ukibana kijiti chenye meno matatu juu ya hilo daraja, fidla inaacha kulia, inaanza kunong'ona. Hicho kijiti Saturnino alikiita askut. Kwa Kiarabu chetu cha Juba, askut ni nyamaza. Watu walidhani ni kitana. Jirani mmoja aliomba kimoja amchanie mtoto nywele. Alifukuzwa na nyundo.

Sasa askut ilimwingiaje fundi wa vitanda? Scovia, binti yake wa pekee, anakumbuka siku yenyewe. Baba yake alikulia ukimbizini Uganda, akajifunza useremala huko, akarudi Juba na sanduku la vifaa na mtoto mgongoni. Mtoto ni yeye Scovia. Jirani yao alikuwa mwalimu Alfayo, Mkenya anayefundisha wanakwaya fidla. Wanafunzi wakianza mazoezi, mtaa mzima uliuliza nani anachinja paka. Basi mwalimu akawa anabana askut za plastiki, nazo zinavunjika kama biskuti. Akamletea Saturnino moja, aone kama inaungika.

Saturnino aliishika kwa ncha za vidole viwili, kama mtu anayeokota panya aliyekufa.

"Mwalimu," akasema, "hii kitu iko kama jino ya mbwa mzee. Kweli unaweka juu ya mbao ya watu?"

Alfayo akacheka. Akamwambia kwamba Ulaya ya zamani hata kitu kidogo kilipambwa. Akamletea kitabu cha picha: majani yaliyojikunja, makombe, malaika wadogo wenye mashavu kama wamefichia mandazi mdomoni. Saturnino akaguna. "Huyu mtoto mbona uchi? Mama yake iko wapi?" Lakini kitabu hakukirudisha.

"Mtindo huo unaitwa baroko," mwalimu akaeleza. "Wanasema maana yake ni lulu isiyokuwa na umbo sawa."

Hapo, wasikilizaji wapendwa, ndipo penyewe. Mwalimu Alfayo alisema lulu ya baharini, kito cha shingoni. Lakini Juba hii, ukisema lulu, unaletewa mafuta ya kupaka viwiko. Lulu ni ule mti wetu wa mafuta ya shea, na kokwa yake ya kahawia yenye kovu jeupe ubavuni. Saturnino akafurahi mno. "Kumbe hata wazungu iko na lulu!"

Akaanza kuchonga. Mpingo, kisu alichojinolea mwenyewe kutoka kipande cha msumeno, na subira ya punda. Meno ya askut yakibana sana, daraja linapata ufa. Yakilegea, askut inanguruma kama nzi ndani ya chupa. Scovia ndiye aliyepiga msasa, na mwisho wa yote walipaka mafuta ya lulu mpaka chumba kizima kikanukia. Na katikati ya kila askut, kati ya majani yaliyojikunja kama ya makanisa ya Ulaya, Saturnino alichonga kokwa moja ya lulu. Na kovu lake.

Miezi mitatu ikapita kabla mwalimu hajang'amua kosa. "Mzee, samahani, ilikuwa lulu ya baharini."

Saturnino akatazama nje mlangoni. Akatazama upande huu, akatazama ule. "Mwalimu, bahari iko wapi hapa?"

Akaendelea na kokwa zake. Narudia, maana tutalihitaji jambo hili: kila askut ya Saturnino Lodu ina kokwa ya lulu yenye kovu.

Sasa weka kijiko chini. Anaingia Bwana Ezbon.

Bwana Ezbon ana duka la zawadi. Duka gani, mimi sitasema, lakini manukato yake yanafika kabla yake na yanachelewa kuondoka. Aliziona askut, akaita "mzee wangu" mara kumi na mbili kwa pumzi moja, akachukua arobaini. Aliahidi kuziuza kwa wageni zikiwa na karatasi yenye jina la fundi. Saturnino hakutaka kingine. Alimwambia Scovia, "Binti yangu, mtu moja huko mbali atapiga fidla na atasoma: Lodu, Juba. Basi. Mimi imetosha."

Kila alipokwenda kuuliza, jibu lilikuwa moja. "Mzee wangu, hazitoki. Wazungu wanasema ni kazi ya kienyeji. Jitahidi kidogo."

Jitahidi kidogo! Mwanamume ana vidole vimejaa makovu kama ubao wa kukatia nyama. Mwaka jana Saturnino alikifunga kisu kwenye kitambaa, akarudi kwenye madawati. Scovia anasema hakulalamika. Alipokuwa hoi na homa aliuliza kitu kimoja tu: "Zile askut zilikuwa baya kweli?" Scovia akamwambia hapana. Baba akamwambia, "Wewe ni mtoto yangu, lazima useme hivyo." Akafa akiamini alishindwa.

Jumamosi, uani Hai Cinema, watu wamekaa chini ya turubai. Mwalimu Alfayo ana fidla yake tayari kwa wimbo wa maziko. Manukato yakafika. Bwana Ezbon akafuata, akaomba nafasi ya kusema neno, akapewa, maana sisi tuna adabu hadi tunaumia.

"Marehemu alijaribu," akasema. Sikilizeni ujasiri: alijaribu! "Kwa heshima yake nimeleta askut halisi, kutoka Ulaya, mwalimu apigie leo. Ndiyo hii aliyokuwa akiitafuta mzee wetu."

Akafungua kisanduku cha mahameli. Ndani, kitu kinang'aa dhahabu kama jino la tapeli. Mwalimu akavaa miwani. Akakigeuza. Akakigeuza tena. Akampa Scovia.

Scovia aliona majani yaliyojikunja, yamezibwa na rangi ya kupuliza iliyoganda kama kamasi. Katikati ya majani palikuwa na kidonge. Akakwaruza kwa ukucha. Dhahabu ikabanduka, mpingo ukachungulia, kisha kokwa, kisha kovu. Akainusa. Harufu ya chumba chao.

"Bwana Ezbon," akasema, polepole, "huko Ulaya lulu inaota?"

"Dada yangu, unajua biashara…"

"Mimi iko nauliza lulu. Inaota?"

Bwana akatazama viatu vyake. "Watu wananunua Ulaya, dada. Hawanunui Hai Cinema. Zote arobaini zilikwenda, hii ndiyo ya mwisho."

Zote arobaini. Mnasikia? Zilitoka zote, huku mwenye mikono akiambiwa ajitahidi. Mama mmoja mbele pale alitema mate mchangani, na mimi nikamwonea wivu, kwa sababu redioni hairuhusiwi.

Scovia alipiga magoti kando ya jeneza, akasema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayemwita baba yake chakula kimeiva: "Baba, zilikwenda. Zote. Hakuna moja iko baya."

Kisha akaisugua askut kwa kitambaa mpaka dhahabu ikaisha, akambania mwalimu kwenye daraja la fidla. Ikakaa sawasawa, bila ufa, bila nzi. Fidla ikanong'ona, na uani kote hakuna aliyekohoa. Bwana Ezbon aliondoka katikati ya wimbo. Na kisanduku chake alibeba.

Kwa Scovia, kwa mwalimu Alfayo na kwa ndugu wote wa Lodu: poleni sana. Mungu amlaze mzee wetu pema.

Nawe uliye nyumbani, tazama ulicho nacho rafuni. Kile ulichoambiwa kimetoka mbali, kigeuze. Uliza ni vidole vya nani. Kama una askut ya dhahabu, ikwaruze. Ukikuta kokwa, usiitupe, usione haya. Ipeleke Hai Cinema, karakana ya Lodu. Scovia ana msasa, ana mafuta ya lulu, na sasa ana karatasi zenye jina la baba yake. Arobaini kamili.

Na wewe, Bwana Ezbon, najua redio unayo. Najua pia unatafuta namba yetu ya simu ili ujieleze. Jibu letu alikwisha kulichonga marehemu, mara arobaini.

Askut.