Tumlaze Wapi Mtoto wa Lukyan

Kijiwe chetu ni benchi lililo nje ya lango la Stepanida, hapa Hrabivka, na siku hizi hatukai pale kwa starehe. Tangu mitambo ya umeme ipigwe tena makombora, boila za kupasha nyumba joto zimekufa mtaa mzima. Gesi ipo, lakini imepungua nguvu, inatosha kuchemsha kahawa tu. Na boila bila umeme haisukumi maji ya moto kwenye mabomba. Kwa hiyo ndani baridi, nje baridi, ila nje angalau kuna jua. Kwa kawaida tunabishana kwa kujifurahisha. Jana haikuwa hivyo. Oryna, mkamwana wa Stepanida, alikuwa anatoka wodi ya wazazi na mtoto mchanga, na katika chumba walichomwandalia, ukipumua unaona pumzi yako. Baba wa mtoto, Lukyan, yuko vitani.

Panas tunamwita Betri kwa sababu hana imani na kitu kingine duniani. Alikuwa ameng'oa betri ya gari lake, akaifunga kwenye inveta na kuiunganisha na boila ya Stepanida. Boila ikawaka, ikauonja ule umeme, ikazima. Akawasha tena, ikazima tena.

— Haba na haba hujaza kibaba, alisema Betri. Itazoea tu.

— Boila haizoeshwi, Panas. Siyo ndama hiyo, Stepanida akamjibu.

Tymish, ambaye huzungumza kana kwamba serikali haiamui kitu bila yeye, ndiyo maana tukampa jina la Waziri, akashauri tuazime jenereta, tuiweke kwenye korido na kufunga mlango, wezi wasiione.

— Usiogope, dada. Maji ya moto hayachomi nyumba.

— Na moshi je? Jirani zetu kina Horpyna si waliiweka yao kwenye korido? Nani aliwaamsha asubuhi?

Waziri akavua kofia. Majeneza yao tuliyabeba sisi wenyewe, na yeye alikuwa mbele.

Betri akamimina kahawa, tukanywa. Kisha tukaurudia ubishi. Waziri akasema tumwingize ng'ombe wake chumbani, maana joto la ng'ombe mmoja linatosha mtoto na mama yake, na ng'ombe hadai umeme. Betri akamcheka, kisha akaja na lake: baiskeli ifungwe dinamo, mtaa mzima upokezane kukanyaga pedali, usiku na mchana, mpaka mtoto abatizwe. Alishaanza kugawa zamu. Nilitaka kucheka, nikamwona Stepanida anavyokibana kikombe kwa mikono miwili, nikaacha.

— Lukyan nilimlaza juu ya jiko, alisema. Theluji imefika dirishani, na yeye anatupa soksi kwa joto.

Hakuna aliyeuliza jiko gani. Kila nyumba ilikuwa nalo, la matofali, pana kama kitanda, unapika chini na kulala juu. Mabomba ya gesi yalipofika mtaani tuliona kuni zimekwisha kazi, tukafanya msaragambo, nyumba kwa nyumba, kuyavunja majiko yale. Kila tulipomaliza moja tulipewa supu na pombe, na tuliimba. Mahali pa jiko la Stepanida pana runinga sasa.

— Ndiyo maendeleo, Waziri akajitetea. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

— Mwenyeji amepona nini, Tymish?

Iliniuma kana kwamba nimeulizwa mimi.

Teksi ikasimama. Oryna akashuka na furushi lililofungwa utepe wa buluu, na sisi wanaume tukageuza nyuso kwenye uzio, maana mtoto ambaye hajabatizwa hatazamwi na watu wa nje. Kwa hiyo yaliyofuata niliyasikia tu. Walipita langoni, yeye na Stepanida, mlango ukafunguliwa, hatua zikaenda mpaka chumbani. Zikasimama. Halafu zikarudi, mpaka hapa nje, na mtoto sasa analia.

— Mama, Oryna aliuliza, tumlaze wapi?

  

Nikasikia Stepanida anafungua vifungo vya koti lake, kimoja kimoja. Benchi likainama kidogo alipoketi katikati yetu na mjukuu wake kifuani, ndani ya koti, na kilio kikapungua. Tukasogea, Betri upande huu, mimi na Waziri upande ule, tuwakinge upepo. Wote watatu bado tunaangalia uzio.