Chuma cha Njia ya Mgogoni

Barazani kwa Jamnadas, pale Madungu, kila baada ya sala ya alasiri hukaa mabwana watatu ambao kazi yao kubwa ni kujua. Silima tunamwita Darubini, maana huona hata yasiyokuwepo. Jaribu ni Wakili, ingawa hajapata kushinda kesi hata na mkewe. Wa tatu ni Ame Mchuzi, hakosekani katika chungu chochote. Juma zima hawana jengine ila daraja la chuma la njia ya Mgogoni, lile la mavyuma yaliyokingamana kama paa lisiloezekwa, ambalo siku hizi gari likipita hulia. Leo Ame kahawa haimshuki. Mkewe Moza yuko kwa mamake ng'ambo ya daraja, kama ilivyo ada kwa mimba ya kwanza, na tangu asubuhi yuko katika uchungu. Mkunga keshapanda gari la shamba kumfuata.

DARUBINI: Chuma kile cha meli iliyozama. Bamvua likijaa kinasikia maji, kinataka kurudi kwao.

WAKILI: Meli wapi! Misumari inachomoka. Haba na haba hujaza kibaba.

DARUBINI: Kibaba kimeingiaje hapa?

WAKILI: Leo mmoja, kesho mmoja. Nenda kapime mtoni!

MCHUZI: Nyie hamjui. Lina mwenyewe lile. Halikuchinjiwa mbuzi mweusi siku ya kwanza, sasa linadai roho ya ntu.

DARUBINI: Na Mngereza anajua. Uchaguzi ukenda kombo atalifungua kipande kipande aende nalo kwao. Kama si hivyo, kwa nini asijenge kwa mawe?

WAKILI: Sadakta! Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.

MCHUZI: Jembe halifungui msumari, Wakili.

Wakacheka, hata Ame. Muuza kahawa alikuwa akiinamisha dele aliposimama mbele yao Bi Mwanapili mkunga, kibunda kwapani, jasho linamtoka.

— Asalaam alaykum.

— Waalaykumu salaam. Shikamoo, bibi. Keshajifungua? Ame aliruka.

— Marahaba. Sijafika, mwanangu. Dereva wetu, Matano, kafika darajani kazima gari. Asema chuma kinadai ntu, havuki ng'o. Kageuza, karudi nasi sote ndani.

— Matano kapagawa! Nani kamwambia?

— Asema kayasikia hapa barazani. Nani kati yenu?

Ame alimtazama Wakili.

— Mie kanambia Darubini, Wakili alisema.

— Mie nimeyasikia kwa Ame, juma lililopita, papo hapo alipokaa. Nikadhani kayatoa Mgogoni kwa wakwe.

— Na wewe Ame, yalikufikaje? Bi Mwanapili aliuliza.

Barazani tunajua namna neno linavyozaliwa: kahawa ipo, maneno yamekwisha, mtu anasema lolote.

Wakili alitafuta methali, akaona aibu, akainamia kikombe chake.

Bi Mwanapili hakukaripia. Alivua viatu, akavishika mkononi.

— Haya, nakwenda kwa miguu. Moza akiniuliza nimechelewa kwa nini, nimwambie nini?

Ame alimpokea kibunda, akatangulia njiani.