Pamba ya Mshono wa Mwisho

Wallahi naapa, na naapa kwa sauti, fungueni na dirisha ili jirani naye asikie: katika haya ninayowaambia leo hakuna neno hata moja la kuongeza, yote ni kweli tupu, na atakayesema Mrisho ametia chumvi basi ziwa hili lote likauke leo leo. Sikilizeni wanangu. Hasna, sogea. Na wewe Luqman, toka hapo mlangoni uingie ndani, ukae kitandani hapa miguuni kwangu. Mfuko huu wa tumboni nimeubadilisha sasa hivi, mama yenu ni shahidi, hakuna harufu. Na kama ipo, vumilia, leo tu.

Sauti hii imekwisha, lakini mnajua ilivyokuwa. Nilikuwa nikimwita mtu pale mwaloni Katonga, boti zinaposhushia dagaa, wanaitika watu wa Kalemie, ng'ambo huko Kongo. Boti nililoziba mimi halijawahi kunywa maji, hata kikombe. Shule sikwenda, nilipelekwa asubuhi, adhuhuri nimesharudi, nikakaa chini ya boti na babu yenu akanipa nyundo ya mbao na patasi ya kalafati, ya kushindilia pamba kwenye mishono ya boti, na toka hapo mbao zenyewe zilikuwa zinanijua. Kusoma sijui, sawa, ila nikipitisha kidole kwenye mshono wa boti nakwambia maji yatapita wapi kabla boti lenyewe halijaliona ziwa. Fundi kama mimi hayupo toka hapa mpaka Burundi, na Burundi kwenyewe walikuwa wananifuata.

Basi mtu kama huyo ndiye akaja kutobolewa tumbo.

Mnakumbuka ilivyoanza, damu chooni, mimi nawaambia ni pilipili, mpaka siku niliyoanguka juu ya chanja za kuanikia dagaa mkanipakia kwenye treni kwenda Dar. Kule wakanikata kansa pamoja na kipande cha utumbo, huku chini wakafunga moja kwa moja, na ncha ya utumbo wakaitoa nje hapa kushoto, kijidomo chekundu kama cha kifaranga. Haja yangu yote toka siku ile inatokea hapo, inaingia mfukoni bila kuniomba ruhusa. Kinatoa na sauti. Mtu anakusalimia, tumbo ndilo linamjibu.

Niliporudi, mwaloni waliniuliza nimekonda nini, nikawaambia nilikamatwa na mamba kwenye mdomo wa mto Malagarasi, akaning'ata ubavu, nikampiga patasi ya jicho. Na mamba yule yupo, nimemwona kwa macho yangu, ila hakunigusa. Kila nikisimulia anaongezeka urefu kidogo, sasa hivi ni mrefu kupita boti. Watoto wa Katonga wanakuja kuniomba niwaoneshe kovu, nawaambia likionekana na jua mamba anarudi.

Lakini mifuko ikaisha. Ile tuliyopewa hospitali iliisha, na hapa Kigoma haikuwepo siku zile, na mimi nikajiambia, wewe Mrisho, umeziba maboti mia tano, unashindwa na tundu moja? Nikachukua mfuko wa nailoni, nikapasha lami kidogo ile tunayopaka chini ya boti, nikachanganya na mawese ilainike, nikaupaka ukingo nikaubandika kwenye ngozi. Wanangu, ulishika. Haukuvuja hata tone, nikatembea mtaani Ujiji kama bwana harusi. Ulipofika wakati wa kuubandua, ukaondoka na ngozi yangu. Mama yenu ndiye aliyenibeba mpaka zahanati, mimi na urefu huu, kwa nesi Winfrida. Akaangalia, akaangalia tena, akaniambia, "Baba, wewe siyo mtumbwi." Alicheka yule binti mpaka akakaa chini, halafu akanitibu, akatufundisha, maji ya uvuguvugu, kausha vizuri, tundu la mfuko ulikate liwe sawa na kijidomo, lisipungue wala lisizidi. Tangu hapo aliyekuwa akinisafisha ni mama yenu, Mwanamvua huyu. Mimi niliyesema mbele ya wanaume wenzangu kwamba mwanamke hanigusii chakula changu akiwa na hasira, nimelala kama mtoto mchanga, ananifuta, ananifunika, anaendelea na stori ya jirani kama anachambua mchele.

Sasa la ndugu yangu. Baba yenu mkubwa Ramadhani, mnajua kazi yake, kila maiti ya mwanaume mtaani kwetu anaiosha yeye. Ile Idi ya kwanza baada ya kupasuliwa, nilivaa kanzu mpya, nikaenda msikitini mapema, nikakaa safu ya kwanza, mahali pangu pa siku zote. Kijidomo kikaanza kelele zake. Ramadhani akaniinamia akaninong'oneza, "Mdogo wangu, mwenye kuvuja anakaa nyuma, karibu na mlango." Alinong'ona, lakini safu nzima ilisikia. Nikainuka. Sikukaa nyuma, sikukaa karibu na mlango, nilivaa viatu nikarudi nyumbani, na toka siku ile msikiti nausikia tu kwa spika. Sheikh mwenyewe alikuja hapa akaniambia mtu mwenye udhuru kama wangu anatawadha kila swala ikiingia, anaswali, hana dhambi, aende tu. Nikamwambia nitakuja. Sikwenda. Miaka yote hii nimeswalia chumbani hapa, naye Ramadhani akileta salamu zake nampelekea za kwangu, na mlangoni kwangu hajaingia.

Ikarudi. Mwaka huu kansa ikarudi. Mara ya kwanza niliposikia neno hilo nilipiga meza ya daktari mpaka miwani yake ikaanguka. Mara hii nilimuuliza treni ya kurudi inaondoka saa ngapi. Nimechoka, wanangu. Ubishi sina tena, nimeutafuta sijauona. Imehamia kwenye ini, ndiyo maana mnaniona macho ya njano, na daktari aliniambia kwa adabu kwamba dawa za dripu zinaweza kuichelewesha kidogo, kuitoa haziwezi. Nilizipata zile mara ya kwanza. Najua zinavyomfanya mtu. Luqman, umekuwa ukinipigia simu kila siku kutoka Gungu, baba turudi Dar, baba bodaboda nitaiuza, baba usikate tamaa, na mimi nakujibu mtandao mbovu. Mtandao ulikuwa mzuri. Usiuze pikipiki. Nimekubali dawa ya maumivu, na ugali wa mama yako, na kulala.

Ngojeni ninywe maji.

Kwenye treni hiyo ya kwenda Dar, hii ya juzi, mfuko ulipasuka kabla hatujafika Tabora. Behewa limejaa, madirisha yamefungwa kwa vumbi, kila mtu anageuza shingo. Nikasema kwa sauti, samahani jamani, ni dagaa zangu zimeloa. Mtu wa Kigoma akisema dagaa nani atambishia? Mbele yangu alikaa bibi mmoja wa Kirundi, Spesiosa, anatoka kambi ya wakimbizi kwenda kumwona mwanawe, msalaba shingoni. Alinitazama sana. Halafu akafungua mzigo wake, akatoa kitenge kipya, hakijakatwa, akanipa mikononi. "Baba, kazifunge dagaa zako. Na marehemu mume wangu alikuwa nazo." Nikaenda chooni, nikajisafisha, nikajifunga kitenge kile, nikarudi, akawa ameshahamisha mzigo wake kunitengenezea nafasi ya kunyoosha miguu. Mimi nimesifiwa na matajiri wenye meli, wallahi, lakini sijawahi kupewa heshima kama ile. Kitenge ni hiki nilichofunikwa. Msikigawe. Mama yenu abaki nacho.

Sasa tuingie kwenye wosia wenyewe. Nyumba hii ya Ujiji sheikh atawagawia kama dini inavyosema, na asiwepo wa kumnunia mwenzake. Vifaa vyangu vya kalafati, nyundo ya mbao, patasi zote, na boti lile nililoanza pale Katonga, nataka achukue Hasna, maana yeye ndiye aliyekaa chini ya boti na mimi wakati wanawake wenzake wakimcheka. Ila mrithi hawekewi wosia mpaka warithi wenzake waridhie, kwa hiyo Luqman itika, na wewe Mwanamvua itika. Hasna umesikia, wameitika.

La pili ndilo lililonifanya niwaite.

Nikifa nitaoshwa, nitavikwa sanda, nitapelekwa msikitini. Na huko maiti inalazwa wapi? Mbele. Mbele ya safu ya kwanza, mbele ya imamu, watu wote wa Ujiji nyuma yangu. Mimi niliyeambiwa nikae karibu na mlango. Hiyo swala nimeisubiri, wanangu, sitawaficha. Lakini nimekuwa nikilala hapa usingizi hauji, nawaza jambo moja tu, hiki kijidomo. Mtu akifa, chenyewe hakifi vizuri, kinaweza kutoa. Nikivuja mbele ya safu ya kwanza, sanda nyeupe, basi Ramadhani alisema kweli, na mimi sina mdomo wa kumjibu.

Kwa hiyo kitazibwa kwa pamba, na atakayekiziba ni wewe Luqman.

Usiangalie chini. Najua. Siku ya kwanza mama yako alipoufungua mfuko mbele yako ulikimbilia uani ukatapika, na toka hapo unanisalimia kutoka mlangoni, na ukahamia Gungu ukasema ni karibu na kijiwe cha bodaboda. Sikukasirika. Mimi mwenyewe mwezi wa kwanza nilikuwa najisafisha nimefumba macho. Lakini mwana wangu wa kiume ni wewe peke yako, na mikono ya mtu mwingine sitaki ifike hapo.

Kesho asubuhi Hasna akupeleke Katonga, kwenye boti langu. Akupe pamba, akuoneshe. Uisokote iwe laini, ndefu kama utambi. Uiingize kidogo kidogo kwa kidole, ufuate mshono, usiigongegonge kwa hasira, anayegonga sana anaupasua ubao. Ukimaliza upitishe kidole, ukiwa umefumba macho, kidole kitakwambia. Halafu kumbuka tofauti moja, na hii nimeilipia kwa ngozi yangu. Boti likiingia majini ubao unavimba, unaibana pamba wenyewe. Mwili wangu hautavimba kukusaidia. Kwa hiyo juu ya pamba uweke nyingine ya bapa, halafu kitambaa, uzungushe kiunoni, ufunge upande wa kulia, usikaze kama unafunga mzigo wa pikipiki. Lami usilete. Winfrida atakucheka.

Fanya hivyo kwenye boti mpaka mkono uzoee, siyo mara moja. Na jioni uje hapa, mama yako akuoneshe kwangu nikiwa bado mzima, ubadilishe mfuko huu mwenyewe, ukitaka kutapika utapike, urudi umalizie.

Umesema nini? Sema tena, dada yako asikie.

Utakuja. Haya. Haya, mwanangu.

Ramadhani aitwe. Ndiyo, aitwe, msinitazame hivyo. Amwage maji, asome anayoyasoma, ndiyo kazi yake, alimwosha baba yetu mimi nikiwa nimejificha nyuma ya nyumba, sikuweza kuangalia. Mwambieni tumbo ni la Luqman, kwingine kote ni kwake. Na kama mkono wako utakataa, Luqman, ukaona pamba haiingii, basi... basi mpe yeye aushike mkono wako. Aushike tu. Pamba ibaki kwako.

Mnilaze kule kwa wazazi wangu. Msikae na matanga marefu, ziwa halisubiri, boti limalizike. Hasna, mshono wa mkuku, ule ubao wa chini kabisa, uurudie, niliuziba nikiwa na homa, sina uhakika nao. Huo peke yake. Mingine yote iko sawa.

Mwanamvua, radhi. Nikupe nini mimi. Wewe ndiye... radhi, mama Luqman.

Wanangu, nimeridhika nanyi. Mungu awape miili isiyowasumbua. Awape mtu wa kuwafunga kitenge njiani. Riziki zenu zisipungue, na mkigombana mpatane kabla ya chakula cha jioni, msifanye kama mimi na Ramadhani.

Nipe maji. Kidogo. Tosha.

Funga dirisha, Hasna.

Ya mamba semeni. Mkiulizwa Katonga semeni ndiyo, baba aliumwa na mamba, na mwongezeni urefu, nimewaachia. Lakini hili la kuogopa... kwamba Mrisho alikuwa hapati usingizi, anaogopa kuvuja mbele za watu... hili lisitoke humu. Msimwambie mtu yeyote.