Wasifu wa Fundi Meno, Aliyeikwangua Treni ya Baba Mkwe

Ndugu waombolezaji, marehemu tuliyekuja kumsindikiza leo alizaliwa tarehe 9 Machi 1949, kwa mujibu wa cheti. Kwa mujibu wa mama yake mzazi alizaliwa Februari, tena Jumapili, ila karani wa vizazi alichelewa kazini. Mabishano hayo hayakuisha, na marehemu, kitinda mimba wa mfua vyuma na mshonaji, hakutaka yaishe. Alidai zawadi ya kuzaliwa mara mbili kila mwaka mpaka alipooa, ambapo alikutana na mtu asiyedanganyika kirahisi.

Alisoma shule ya msingi iliyokuwa ng'ambo ya reli, kisha sekondari ya wavulana, ambako walimu walimkumbuka kwa hati nzuri na majibu mabaya. Mwaka 1968 alipata nafasi chuoni asomee upimaji wa ardhi. Siku ya kujiandikisha alikuta foleni mbili, moja ndefu, moja fupi. Kwa akili zake timamu akachagua fupi. Alipofika dirishani mama mmoja alimwambia, "Hebu mikono." Akaitoa. Mama akaigeuzageuza kama anayechagua nyanya. "Vidole vizuri. Karibu kwenye meno." Marehemu aliona haya kuuliza meno yanahusianaje na mipaka ya mashamba, akaingia, akakaa miaka mitatu, akatoka na cheti cha ufundi wa meno bandia. Wazazi wake waliendelea kuwaambia majirani kwamba kijana anapima ardhi. Jirani mmoja alimsubiri muda mrefu aje amwekee mawe ya mpaka.

Aliajiriwa hospitali kuu, katika chumba cha chini kilichopakana na dobi, chenye harufu ya plasta mbichi na nta iliyoyeyushwa. Huko ndiko alikopewa jina la Fundi Meno, na huko alifanya kazi hadi alipostaafu mwaka 2009. Sura za watu zilimpita, lakini meno hakuyasahau. Barabarani angeweza kupishana na binamu yake bila salamu, halafu amkumbatie mgeni kabisa aliyepiga miayo. Na alikuwa mtunza siri. Baadhi yenu mliokaa hapa mnajijua. Tulieni, siri yenu inazikwa leo.

Alifunga ndoa mwaka 1976, na ndoa hiyo ililetwa na mdomo wa baba mkwe. Mzee huyo, dereva wa treni ya mvuke, alifika kutengenezewa meno akiwa ameshikwa mkono na binti yake. Meno yalikaa vizuri, ila mzee hakuweza tena kupiga mluzi, na alisema dereva asiyepiga mluzi ni abiria tu. Akarudishwa, yakapunguzwa, akarudi tena. Siku mluzi ulipotoka, ukasikika hadi kwa dobi, mzee alimtazama fundi, akamtazama binti, akasema, "Haya bwana, sema ulichotaka kusema, maana sitarudi tena hapa."

Sasa tufike kwenye ile treni, kwa sababu hakuna aliyekuja msibani wiki hii bila kuuliza, "Hivi yale mambo ya treni yaliishaje?"

Baba mkwe alipostaafu, wenzake wa karakana walimtengenezea kwa mikono yao kichwa kidogo cha treni cha shaba tupu, chenye urefu wa kutoka kiwiko hadi vidole, mfano wa kile alichokiendesha. Alipofariki, kilikwenda kwa binti yake. Kikakaa juu ya kabati la vyombo miaka na miaka, kikaanguka mara kadhaa, bomba la moshi likapotea, magurudumu yakapinda, na juu yake pakawa na rangi ya fedha iliyomenyeka kama ngozi iliyoungua jua.

Marehemu alipostaafu hakujua akae wapi. Alitengeneza vitasa vyote vya nyumba mpaka hakuna mlango uliofunga. Mke wake alimwambia, "Baba watoto, badala ya kuniulia vitasa, nitengenezee treni ya baba. Irudi ilivyokuwa. Kijani."

"Kijani?" aliuliza shemeji, kaka wa mke, aliyekuwa anakunywa chai ya watu bila haraka. "Dada, treni gani ya kijani? Ya baba ilikuwa nyeusi tii."

"Nyeusi ni moshi, wewe. Mimi nilisimama kwenye uzio kila jioni nikimpungia. Kijani!"

"Na mimi nilisimama wapi, kwenye ndoto?"

Picha pekee iliyokuwapo haikuwa ya rangi. Mzee mwenyewe, enzi za uhai wake, alipoulizwa alijibu kwa hasira, "Mimi nilikaa ndani."

Marehemu alisema ugomvi huo ni wa kipuuzi, kwa sababu shaba haisahau: akikwangua pole pole atakuta rangi ya kwanza chini kabisa. Akahamia chumba cha kufulia na mswaki, tina ya kuyeyushia rangi na vile visu vyake vya kuchongea nta. Familia ikakaa mkao wa kula.

Chini ya rangi ya fedha palikuwa na nyekundu. Rangi ya fedha ilikuwa ya shemeji, iliyobaki alipopaka geti lake. "Nilitaka ipendeze," alisema. Nyekundu ilinuka kitu fulani ambacho marehemu alikijua ila hakukikumbuka, mpaka binti yake mkubwa, mhasibu mwenye heshima zake, alipoinamisha kichwa. Ilikuwa rangi ya kucha, ya utotoni. Chini ya nyekundu palikuwa na nyeusi. Shemeji akaruka, "Si niliwaambia!" Marehemu alipitisha kitambaa, kikatoka cheusi, chenye mng'ao. Dawa ya viatu. Mama mkwe, Mungu amrehemu, naye alikuwa na maoni yake. Chini ya nyeusi palikuwa na bluu, safi, iliyopakwa kwa mkono wa fundi hasa.

"Nani huyu tena?" aliuliza mke.

Marehemu aliitazama sana ile bluu, halafu akasema taratibu, "Nadhani ni mimi." Aliipaka mwaka treni ilipoingia nyumbani kwao, kumfurahisha mkewe, akasahau.

Na chini ya bluu palikuwa na shaba tupu. Wale wenzake wa karakana hawakuipaka chochote. Kumbe ukoo mzima ulikuwa umekuwa ukiirudisha treni "ilivyokuwa", kila mtu kwa zamu yake na kwa siri, na rangi ya kwanza yenyewe haikuwahi kuwapo.

Basi akaanza kuitengeneza pasipo kujua anaelekea wapi. Bomba jipya alilimimina kwa kalibu ya plasta, kama jino. Alipolilehemu, joto likapita upande wa pili na ngazi ya dereva ikadondoka. Alipolehemu ngazi, bomba likalala. Alijifunza kufunga kitambaa kibichi pale pasipotakiwa kupata moto. Akaisugua kwa msasa laini, akaiosha mafuta yote, kwa maana shaba yenye alama ya kidole humenya rangi, akaipulizia rangi ya msingi ya kijivu, akaioka kwenye oveni ya jikoni kwa moto mdogo kabisa ili rangi ikamate. Kwa muda mrefu mkate wa nyumba ile ulinuka duka la vifaa vya ujenzi. Rangi za juu hakuzijua sana. Katika maisha yake alizoea kuchanganya rangi moja tu, ya fizi. Jaribio la kwanza la nyekundu lilitoa treni yenye ufizi mzuri sana.

Mwaka 2019 marehemu alianza kuchoka akipanda ngazi tatu za varanda. Daktari alimwambia, "Mzee, moyo wako umekuwa mkubwa." Akajibu, "Mwambie mke wangu, maana yeye siku zote amelalamika ni mdogo." Lakini koridoni daktari alimwambia mke peke yake kwamba asitegemee mengi, huenda mvua zijazo zisimkute.

Hapo ndipo mama wa watu alipoanza kuangalia kitu ambacho sisi wengine hatukukiona. Wiki ambazo treni ilikuwa imekaa na kijivu chake, mumewe alilala akitazama ukuta. Shemeji akipiga simu kusema nyeusi, mgonjwa alikaa kitako, akaomba miwani, akaomba chai, akasema, "Nipe hapa, nipe, nimweleze huyo." Akishuka kitandani kwenda chumba cha kufulia, alirudi amechoka lakini amekula.

Basi siku shemeji, kwa huruma, alipokuja kusalimu amri mbele ya kitanda, akasema, "Dada, yaishe. Nimekubali, ni kijani. Ipakwe, shemeji aione," mke alimkazia macho.

"Kijani gani? Nani alisema kijani?"

"Wewe! Miaka kumi unasema kijani!"

"Nilisema nyekundu. Kama damu ya mzee."

Shemeji alimtazama shemejie. Mgonjwa alikuwa ameshaanza kutafuta ndala kwa mguu.

Ikapakwa nyekundu. Ilipokauka, mke akasema hapana, nyeusi, kaka yangu alikuwa sahihi. Shemeji, badala ya kufurahi, aliingiwa na hofu. Nyeusi ikakwanguliwa kwa sababu mke alikumbuka palikuwa na mstari wa manjano. Mstari ulipochorwa, ulikuwa mpana mno. Ulipopunguzwa, labda ulikuwa mweupe. Mvua zikaja zikapita, zikaja nyingine, na marehemu alikuwa bado anakwangua, akinung'unika, "Mwanamke huyu, mwanamke huyu," huku rangi ya uso ikimrudi.

Familia ilichanganyikiwa. Palifanyika kikao sebuleni bila mama kuambiwa, ingawa mama ndiye aliyepika chai ya kikao. Binti mkubwa alisema, "Baba tunamuuguza moyo, na mama naye kichwa kinaondoka." Akampeleka kupimwa. Daktari kijana akamuuliza leo siku gani, akajibu. Akamuuliza ahesabu kurudi nyuma, akahesabu mpaka daktari akamwomba aache. Binti akanong'ona, "Muulize ya treni."

"Mama, treni ya baba yako ilikuwa rangi gani?"

"Inategemea," alisema mama.

Wakapanda gari kurudi nyumbani. Binti alikuwa analia kimya kimya, na mama aliangalia dirishani, akiwa na akili zake zote, na kazi kubwa kuliko yoyote aliyowahi kuifanya, bila hata mmoja wa kumwambia.

Mapema mwezi huu, mchana mmoja, alirudi sokoni akakuta nyumba inanuka rangi mbichi. Marehemu alikuwa jikoni, amekaa kwenye kiti, amevaa lile koti lake la kazini. Mezani palikuwa na treni, kijani mwili mzima, mstari umenyooka, magurudumu yamefungwa karatasi yasiguswe.

"Nani amekwambia umalize?" mke aliuliza, kikapu bado kiko mkononi.

"Rangi zimeisha dukani, mama watoto. Na wewe uongo umekuishia. Juzi ulisema ilikuwa na maua."

Mke aliweka kikapu chini. "Tangu lini umejua?"

"Tangu uliposema kaka yako yuko sahihi. Nilijua hapo kuna jambo." Akahema kidogo, akangoja pumzi irudi. "Washa oveni."

"Gesi imeisha."

"Haijaisha."

Aliiwasha. Wakakaa viti viwili mbele ya mlango wa oveni kama watu wanaongoja basi, mkono wa mmoja uko kwenye goti la mwenzake. Ilipopoa kiasi cha kushikika aliitoa mwenyewe, akaipeleka dirishani kwenye mwanga, akaigeuza pande zote. Mumewe akamuuliza, "Ndiyo?"

Akaangalia tena. Na safari hii, wenzangu, hakudanganya. "Siyo," alisema. "Siyo kabisa. Hata haikaribii. Ilikuwa kijani kizito, kama jani la ndani."

Marehemu akashika ukingo wa meza. "Basi nipe tina. Tuikwangue."

Mke alimwona alivyojaribu kusimama, na alivyoshindwa, na alivyojaribu tena. Alikuwa anangoja neno lake. Mke angesema "haya" tu, naye angekwangua mpaka kiama.

"Iache," alimwambia. "Nzuri hivyo hivyo. Imetosha, baba. Pumzika."

"Una hakika?"

"Nina hakika."

Marehemu alilazwa wiki iliyofuata, akafariki alfajiri ya tarehe 14 Juni, mkewe akiwa kando yake. Daktari wa moyo alisema hajui mzee yule alikuwa akiishi kwa dawa gani zile mvua zote. Aliulizwa mjane, akasema hakumbuki.

Marehemu ameacha mjane, ambaye binti yake ameacha kumpeleka kupimwa; binti mkubwa, mhasibu; mwana mmoja, fundi umeme; wajukuu watano, wote wenye meno yao wenyewe; na shemeji mmoja, ambaye tangu msiba uanze amekaa jikoni na dada yake, na mpaka asubuhi hii alikuwa anaendelea kusema kwamba ilikuwa nyeusi, na dada yake anaendelea kumwambia anywe chai.

Kumwombea apumzike si juu yetu tena. Aliambiwa na aliyekuwa na haki ya kumwambia, naye akatii, kwa mara ya kwanza bila kubisha. Sisi tunaongeza yale maneno mawili tu yaliyobaki: kwa amani.